Mama Mswaki na Meza Zilizong'aa

Tarehe 30 Juni Mama Mswaki anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulinda matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari. Nimeombwa kuandika mimi, ingawa shule niliishia darasa la sita, kwa sababu meza ya kwanza niliisugua mimi.

Alianza kwa kufunga maboya, ili mashua zijifunge hapo badala ya kutupa nanga juu ya matumbawe. Nahodha aliyekaidi, Mama alimfuata hadi sebuleni kwake, akamsomesha mpaka mke wa nahodha akahamia upande wa matumbawe.

Baadaye akaanzisha kitalu: meza za chuma kwenye maji ya kifuani, zimefungwa vipande vidogo vya matumbawe vikue, kisha vipandwe mwambani. Ukoga wa mwani ukivivamia, Mama huusafisha kwa mswaki wa meno, pembeni tu, taratibu. Mumewe analalamika kwamba tangu kitalu kianze hajamaliza mwezi na mswaki mmoja.

Ndipo tukafika sisi, vibarua sita wa kitalu kutoka mbali, hata kuogelea hatujui. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu kuamua kama kitalu kiendelee au kifungwe, nasi turudi makwetu. Mama alikuwa safarini. Tukataka kumfurahisha. Tukachukua brashi za waya za kusugulia mashua, tukasugua siku mbili tukiimba, hadi kila kipande kikawa cheupe pee. Tukapeana mikono ndani ya maji kwa kupongezana.

Hatukujua kwamba ule uchafu wa kahawia ndio ngozi ya tumbawe, na kwamba tumbawe ni kiumbe hai.

Mama alirudi, akavaa miwani ya kuzamia, akainama juu ya meza. Alikaa huko muda mrefu. Alipoinuka mabega yalikuwa yanamtetemeka, tukadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka miwani imejaa maji. Kisha akahesabu: kati ya vipande mia nne, ni hamsini na saba tu vilivyobaki na ngozi kidogo kwenye mikunjo.

Mkuu wa kituo alishauri tuwaambie wakaguzi ni joto la bahari lililovifanya vyeupe. Mama alikataa katakata. Akasimama mbele yao akasema, "Bahari haina kosa. Waliosugua ni wanangu hawa, na ni mimi sikuwafundisha. Nipeni miezi sita."

Wakampa, mmoja wao akijiuma midomo asicheke.

Mama akatugawia miswaki sita na vile vipande, kila mtu na vyake vya kulea. Mwenzetu tunayemwita Mrefu alivipa vyake majina ya mashemeji zake. Wakaguzi waliporudi, vyote vilikuwa hai na vimenenepa, isipokuwa shemeji mmoja. Kitalu kikabaki, nasi tukabaki. Leo vipande zaidi ya elfu tatu vilivyotokana na vile vipo mwambani, na samaki wamehamia humo na familia zao.

Brashi yangu ya waya Mama aliitundika ofisini, na hakuna mgeni aliyetoka bila kusimuliwa habari zake. Mama, sanduku la zawadi lenye utepe mwekundu tutakalokupa lina brashi hiyo. Ondoka nayo, isibaki hata moja hapa. Miswaki utuachie sisi.

Asante kwa kucheka siku ile. Ungelia, tungefungasha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na siku ndefu za furaha, na mzee wetu nyumbani amalize mswaki mmoja mzima.