Fundi Jogoo Hatatoka Kinyumenyume

Fundi wetu wa kuchomelea matangi, ambaye karakana nzima inamwita Jogoo, anastaafu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu baada ya kututumikia miaka thelathini na mmoja. Ofisi imeniomba niandike maneno matamu kwa ajili ya kijarida cha sherehe. Matamu yapo, nitayasema. Lakini rasimu niliyokabidhiwa inadai anaondoka "baada ya uzee kumbishia hodi," na hapo kalamu imenigomea. Uzee haukubisha hodi. Ni moshi ulioingia bila hodi, na Jumatatu inayofuata utatukuta sisi wenzake humo humo ndani ya tangi.

Tuanze na matamu. Mshono wa Jogoo ulinyooka hata mkaguzi akawa anaupitishia kidole kwa raha tu, si kwa ukaguzi. Tangi lake halikuwahi kurudishwa na mteja kwa kuvuja. Na alikuwa mtu wa utani. Msimamizi mmoja wa zamani alipenda kuburuta kiti chake na kukaa katikati ya njia. Siku moja alirudi kutoka kwenye chai, akakivuta, kiti hakiendi. Miguu yote minne ilikuwa imechomelewa kwenye sakafu ya chuma, tena kwa mshono safi. Kiti kile kipo hadi leo. Tunakizunguka kama mnara.

Jina la Jogoo lilikuja baadaye, alipoanza kutembea kwa ncha za vidole, kifua mbele, viwiko vimekunjwa kama mbawa. Tulisema ni maringo ya fundi hodari. Aliposhindwa kutabasamu, tulisema amekuwa mkubwa. Alipoangua kilio kwa sababu chai imemwagika, tulisema ana mambo ya nyumbani. Nyumbani kwenyewe, mkewe, ambaye sote tunamwita Shemeji, alikuwa akisema ni mambo ya kazini. Alikuja hadi getini kutuambia: "Jamani shemeji zangu, niliwapa mtu mzima, mbona mnanirudishia sanamu?" Tukacheka. Tukamwambia Shemeji naye kwa maneno, hajambo.

Karakana yetu ina desturi yake. Anayestaafu hutoka kinyumenyume, kutoka mezani kwake hadi getini, uso ukitutazama, nasi tukigonga vyuma kwa nyundo. Walioianzisha walisema moto uliokulisha haupewi mgongo. Basi wiki iliyopita tulifanya mazoezi ya sherehe. Jogoo akarudi nyuma hatua mbili, akaanguka chali kama ubao. Hakutanguliza hata mkono. Mmoja wetu akapaza sauti, "Jogoo kalewa kabla ya sherehe!" na vicheko vikajaa hadi darini. Muuguzi wa zahanati yetu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alimwinua, akasimama nyuma yake na kumwambia, "Hebu rudi tena, baba, nimekushika." Akamwangukia mikononi.

Hospitalini daktari alimwomba atembee ukumbini, aende na kurudi. Akamtazama, kisha akasema, "Wachomeleaji wakivuta moshi miaka mingi, wengine huishia kutembea hivi, kama jogoo." Shemeji akaruka: "Daktari, nani kakuambia jina lake?" Hakuwa ameambiwa na mtu. Miaka yote hiyo tulikuwa tukiutaja ugonjwa wa mwenzetu kila asubuhi, kwa sauti, tukidhani tunatania.

Mkosaji anaitwa manganizi. Ni madini yaliyomo katika chuma na katika vijiti vya kuchomelea. Mwili wenyewe unayahitaji, lakini chembe tu, na chembe hizo tunazipata katika nafaka, karanga na majani ya chai. Yakija kwa chakula, ini huyapunguza na kuitupa ziada. Yakija kwa pumzi hayapiti kwanza kwa huyo bawabu: hutoka mapafuni, huingia kwenye damu, hupanda hadi ubongoni na kujikusanya pale panapoongoza mwendo. Hapo mikono hutetemeka, uso hukakamaa, hasira na machozi huja bila mwaliko, na kurudi nyuma huwa ni kuanguka. Daktari alisema kumtoa kwenye moshi ni lazima, ila yaliyokwisha kuharibika huenda yasirudi.

Sasa mniambie, karakana ilimpa nini? Pakiti ya maziwa kila siku, eti yasafishe moshi! Maziwa huenda tumboni, moshi huenda kifuani. Hata mtoto wa darasa la nne anajua hizo ni njia mbili. Feni ya kunyonya moshi ipo, lakini huzimwa kila tangi linapochomelewa, kwa sababu upepo wake hutia mshono vitundu na mkaguzi akaukataa. Kwa hiyo tukachagua: vitundu visiwe kwenye chuma, viwe kwenye kichwa cha mtu. Na dawa yake wala si ya ajabu. Ni bomba la kunyonya linalosogezwa karibu na moto, livute moshi taratibu bila kuuyumbisha mshono. Tumeliomba mpaka midomo imekauka. Tumejibiwa kwa maziwa.

Na anayeng'ang'ania uzee aende ghalani. Mtunza ghala wetu aliajiriwa siku moja na Jogoo, umri wao ni mmoja, na hajawahi kuingia ndani ya tangi. Jumapili bado anacheza mpira, na juzi alimpiga chenga meneja.

Fundi, asante. Kila tangi lililobeba maji bila kudondosha tone lina mkono wako. Shemeji, asante, na utuwie radhi: ulisema kweli, tukakuita mwenye maneno. Tunawatakia siku ndefu zenye hewa safi na mguu usioteleza.

Kuhusu Ijumaa, wachomeleaji tumekwisha kukubaliana, na mkuu wa zamu ametamka mbele ya meneja: bomba la moshi lisipowekwa, tangi halina mtu. Desturi nayo itageuzwa. Jogoo atatoka akitazama mbele, Shemeji na muuguzi wakiwa kila mmoja upande wake. Kinyumenyume tutakwenda sisi, wachomeleaji wote, tukimtangulia na kumtazama usoni hadi getini. Nyundo zitagongwa kama kawaida. Ila safari hii, kati yetu akianguka mtu, asichekwe. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.