Ukurasa wa Mwalimu Haidar

Kijiwe chetu kipo nyuma ya maegesho ya bajaji, Bagamoyo mjini, na kahawa yake ni chungu kwelikweli. Jumamosi asubuhi Mwalimu Haidar alikuja na kishikwambi na wasiwasi. Darasani kwake wanaosema ni watoto walewale wanne, wengine hamsini wananyamaza mwaka mzima. Jumatatu anataka kuwafungulia ukurasa mmoja wa mtandaoni, wote waandike humo kwa pamoja, huenda wale wanyamavu wakasema kitu. Kwanza akataka kuujaribu kwetu. Akatuma linki kwenye grupu la mtaa, na swali moja: maji ya bomba yakikatika, mtaa ufanye nini? Mimi nilifurahi kama mtoto siku ya Idi.

— Mwalimu, nimeshapiga hodi, akasema Mzee Pazi, seremala mstaafu.

— Umepiga hodi wapi, mzee?

— Humu ukurasani. Nimeandika hodi, asalaam aleikum, nyumbani hawajambo? Nangoja kukaribishwa.

— Mimi nimekuamkia shikamoo, mbona huitikii? akauliza Bilali wa bajaji, tunayemwita Spidi.

— Marahaba naiandika. Vidole vizito.

Mwalimu akachungulia. Ukurasa mzima umejaa salamu. Kila anayeingia anabisha hodi upya, na wote waliomo wanamwitikia mmoja mmoja. Mwalimu akacheka hadi kahawa ikampalia.

— Jibuni swali basi, jamani.

— Mtu hajakaribishwa, utamuuliza maji? akasema Mzee Pazi.

— Palikuwa pamejaa, akasema Spidi. Nimefuta mistari ya katikati, wageni wapate pa kukaa.

Kulwa fundi simu, ambaye hapa kijiweni tunamwita Profesa, akatikisa kichwa.

— Hazifutiki salamu hizo. Zinapita kwenye waya chini ya bahari, zinakwenda kukaa Ulaya. Siku moja Mzungu ataamka akute marahaba elfu kumi mlangoni, asijue aitikie ipi.

— Marahaba haiitikiwi, bwana, akasema Mzee Pazi.

— Ndiyo maana atachanganyikiwa.

Tulikuwa tunajifuta machozi ya kucheka alipofika Biubwa, mshona nguo wa duka la pili, simu mkononi.

— Mwalimu, jibu langu limekwenda wapi?

— Jibu gani, dada?

— La maji. Nimeliandika nusu saa, katikati ya salamu zenu. Nikaona limetoweka.

Spidi akakitazama kikombe chake.

— Liandike tena, akasema Profesa.

— Siandiki. Nimeona aibu, nikadhani nimesema upuuzi.

Mwalimu akamsogezea nafasi kwenye benchi, lakini Biubwa hakukaa.

— Mwanangu Mwanamkasi yumo darasani kwako, na unajua hasemi. Jumatatu akiandika, wenziwe wakamfuta, ataandika tena?

Mwalimu Haidar akamgeukia Profesa, aliyesema hazifutiki. Nasi tukamtazama, naye akawa anatafuta miwani yake mfukoni.