Watoto Sitini Waliookoka Mia Tatu

Mgeni rasmi, mama yetu uliyetoka mbali kwa ajili ya watoto usiowazaa, msimamizi wa kituo, walimu, wapishi mliotangulia kuamka, na kina mama wenzangu mliobanana kwenye benchi za watoto:

KARIBU SANA

Sisi kina mama wa kituo hiki tunakupokea kwa mikono miwili. Utuwie radhi kwa harufu ya rangi. Ukuta ulipakwa jana kwa heshima yako, na aliyeuegemea ameshajijua.

TULIKOTOKA

Miaka miwili iliyopita banda hili lilikuwa stoo ya saruji, na watoto wetu walikuwa mifupa na macho. Shirika lako likaleta masufuria mawili, mizani na mwalimu wa nyimbo. Sisi baadhi ni wa kanisani, baadhi wa msikitini, na wengine siku ya ibada huwa tunafua. Hakuna aliyetuuliza dini, na kwa njaa ile hakuna kati yetu aliyeuliza nyimbo ni za nini.

MAFANIKIO

Mafanikio ni makubwa. Watoto wamenawiri. Bango lililo nyuma yako linasema kwamba mwaka huu wameokoka watoto mia tatu na kumi na wawili. Tunajivunia, hasa kwa kuwa walioandikishwa kituoni ni sitini.

Imekuwaje? Kila Jumamosi, kabla ya uji, mwalimu huuliza nani anataka kumpokea Yesu. Anayenyoosha mkono huandikwa kwenye daftari na kuhamia mbele, karibu na sufuria. Watoto wetu si wajinga. Mtoto wa fundi viatu ameokoka mara kumi na moja. Mama yake akamwuliza, "Wewe, dhambi zote hizo unazifanyia wapi?" Akajibu, "Mama, kule nyuma uji hufika maji matupu."

CHANGAMOTO

Changamoto tuliyokubaliana kuisema ni moja: binti yangu mimi msomaji wa risala hii, mwenye miaka sita.

Alinyoosha mkono mara moja, na alimaanisha. Jumamosi iliyofuata hakunyoosha. Mwalimu akambembeleza, "Nyoosha basi, mama, si unaona wenzako?" Akasema, "Mimi nilishampokea, mwalimu. Nikisema bado, si nitakuwa namdanganya?"

Akabaki nyuma. Yuko huko mpaka leo, na mizani yenu wenyewe inasema amepungua kilo mbili. Jirani yangu, mshona nguo, akamwambia, "Inua tu, mwanangu, mkono hauna mdomo." Nami nilifungua kinywa nimwambie hivyo hivyo, nikashindwa. Nilikuwa karibu kumfundisha uongo ili ale chakula cha wanaomfundisha ukweli.

Mwalimu si mtu mbaya. Anawapenda watoto, na daftari lake linasubiriwa huko juu.

OMBI

Wenzangu wameniasa, "Soma taratibu, usije ukatuangushia sufuria." Basi tunaomba taratibu.

Hatuombi nyimbo zikome. Mwenye neno na ahubiri, ila mzazi aulizwe kwanza kama mwanawe akae kulisikiliza. Ratiba ya leo inasema kwamba baada ya risala hii watoto wataulizwa mbele ya kamera yako, ndipo uji ugawiwe. Tunaomba mambo hayo mawili yapishane. Wale uji kwanza, wa nyuma sawa na wa mbele, washibe, ndipo waulizwe.

Huenda ikanyooka mikono mitatu tu, na bango likahitaji kupakwa upya. Lakini hiyo mitatu utaweza kumpelekea Mungu wako bila kumficha kitu.

Uji umeiva, mgeni rasmi. Wapishi wameshika miiko, wanakutazama wewe.

Aliyetuumba sisi na wewe akurudishe kwako salama, na watoto wako wasiulizwe neno wakiwa na njaa.

Ni sisi,
Kina Mama wa Banda la Uji