Gari la Viti Viwili

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Bwana Mipango weka simu mfukoni, maana nitakayoyasema nitayasema mara moja tu, na pumzi niliyobakiwa nayo si ya kurudia maneno. Niinulieni mto kidogo. Hapo hapo, basi.

Jana mchana mlidhani nimelala, mkasimama koridoni mkaanza kugawana mali, na mimi masikio yangu hayaumwi. Nikakusikia Bwana Mipango ukisema una mtu anayekusanya magari ya zamani na yuko tayari kuja kulichukua langu, nikamsikia mdogo wako Kimya akiguna kama kawaida yake, kisha nikamsikia dada yenu akisema, "Liuzwe tu, mimi halinihusu." Sikukasirika. Lakini nikaona nisifumbe macho nikaacha lile gari liwagombanishe, wakati niliyelinunua ni mimi na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Nyumba haina maneno. Ni yenu nyote watatu, mwanasheria ana karatasi, na asilazimishwe mtu kuuza sehemu yake kwa sababu mwenzake ana haraka. Cherehani achukue mke wa Kimya, ndiye pekee anayejua kuitia uzi bila kuitukana.

Sasa gari.

Kazi yangu mnaijua, nilifundisha watu udereva tangu mkiwa wadogo mpaka niliposhindwa kuona vibao vya barabarani, na wanafunzi wangu wakaniita Mama Breki, kwa kuwa upande wangu kulikuwa na breki ya pili na mguu wangu haukubanduka pale. Watu hudhani mwalimu wa udereva ni mtu anayeendesha gari. Wapi! Mwalimu wa udereva ni abiria anayelipwa mshahara ili aogope. Asubuhi mpaka jioni nimekaa kiti cha pembeni, nasema tazama kioo, kata kona, punguza, nimesema punguza, huku usukani umo mikononi mwa mtu ambaye juzi alikuwa hajui klachi ni kitu gani. Jioni baba yenu ananipitia, naingia tena kiti cha pembeni. Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mpima ardhi na mtu mwema, hakuwahi kunipandishia sauti, ila aliamini kwamba gari la nyumbani lina dereva mmoja, nami sikubisha, kwa sababu mtu akichoka huona hata kubisha ni kazi nyingine.

Siku moja tunarudi kutoka kumwona mgonjwa, nimeshavuka hamsini wakati huo, baba yenu akatazama chini upande wangu akasema, "Mke wangu, umetoboa zulia." Nikainama. Kweli, pale mguu wangu wa kulia unapokaa, zulia lilikuwa limelika mpaka bati linaonekana. Miaka yote ile nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo. Akacheka, nami nikacheka, kisha kicheko kikanigeukia kikawa machozi, nikamwambia ni vumbi.

Haikupita wiki, mwanafunzi mmoja akatuzimishia gari mbele ya yadi ya magari yaliyotumika, ile iliyokuwa karibu na shule yetu, na alipokuwa akihangaika kuliwasha mimi nikaliona. Lilikuwa nyuma ya malori madogo, la manjano, viti viwili tu, limeinama kama mtu anayetaka kuanza mbio. Nikashuka. Muuzaji akaja anatabasamu.

"Mama, unamtafutia kijana wako?"

"Najitafutia mimi."

Akacheka. Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka, akaenda kuleta ufunguo.

Nililinunua kwa akiba yangu, ile niliyokuwa nikiiweka kwa ajili ya kuongeza chumba, na karo ya mtoto haikuguswa. Hilo nalisema kwa sababu najua lilisemwa. Nilipoliingiza getini baba yenu alikuwa barazani anakunywa chai. Akauliza, "Hilo la nani?" Nikasema langu. Akaliangalia tena. "Na watoto watakaa wapi?" Nikamjibu, "Hawatakaa." Akajimiminia chai nyingine, akaingia nayo ndani, na tangu siku hiyo akawa analipita lile gari kama unavyompita mtu mliyenuniana, na hilo liliendelea karibu mwaka mzima.

Shangazi yenu naye akaja, hakukaa hata kwenye kiti. "Wifi, umepatwa na nini? Kuna mtu?" Nikamwambia, "Yupo, na ndiye huyu unayezungumza naye." Akachukua nusu ya kwanza ya jibu langu akaenda kuisambaza mtaa mzima. Tulikaa miaka hatusemezani. Mimi kutoka ndani ya lile gari kwenyewe ilikuwa kama kuzaliwa upya, kichwa kwanza, magoti yanalia, halafu mtu aseme nina kijana! Sasa amezeeka, nami nimechoka na hasira. Nikiondoka, mtu wa kwanza kuambiwa awe yeye, kabla ya jirani yeyote, na aambiwe na mmoja wenu ana kwa ana, si kwa simu.

Na wewe, binti yangu. Usiinamishe kichwa. Ulikuwa unakaribia kuolewa, ukaja jikoni ukaniambia, "Mama, nakuomba, wakija wakwe lile gari lisionekane, watatuelewa vibaya." Nikalipeleka gereji kwa fundi, nikarudi kwa miguu nimeshika viatu mkononi, na uliniona kutoka dirishani. Hatujawahi kulizungumza. Silitaji ili uniombe radhi, ulikuwa mdogo na ulikuwa na hofu ya kwenda nyumba ya watu. Nalitaja kwa sababu nimeliona likikaa kati yetu kila unaponipa dawa.

Nipeni maji. Taratibu. Haya.

Baba yenu je? Asubuhi moja ya siku ya mapumziko alitoka amevaa kofia, viatu amevipiga rangi, akaenda kusimama kwenye mlango wa pembeni wa lile gari, akasema bila kunitazama, "Linafunguliwaje hili?" Nikamfungulia. Akaingia, magoti yakamfika kidevuni. Nikaishika barabara ya zamani inayopita nyuma ya machimbo ya mawe, ile iliyonyooka, na tulipoyapita machimbo nikakanyaga mafuta. Mungu wangu! Likatoka. Nikamwona baba yenu mguu wake umenyooka, unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, naye akaona kwamba nimemwona. Akasema, "Kumbe ndivyo kulivyo huko kwako." Baadaye kidogo akasema, "Ongeza."

Basi tangu hapo ikawa kila wiki tunatoka. Ndani ya lile gari tulizungumza mambo ambayo kitandani hatukuyazungumza. Mle ndimo alimoniambia kwamba anaogopa kustaafu, na mle mle ndimo alimoniambia kwamba kuna uvimbe na daktari hakufurahi. Mara ya mwisho kupanda alikuwa amekonda hata magoti hayakumsumbua tena. Alipofariki niliendelea kuliendesha peke yangu mpaka macho yakanikatalia, nikalifunika turubai, na huko ndiko liliko.

Bwana Mipango, usikunje uso, bado sijamaliza. Wewe una mipango, na mipango yako nyumba itaibeba. Kimya, wewe najua unachokifanya. Kila ukija kunitazama unachukua ufunguo wa akiba, unakwenda kulichaji betri na kulipasha injini, na hujamwambia mtu. Sikusikii ukisema, lakini nakusikia. Ubaki hivyo hivyo, ila mkeo mwambie neno moja moja, naye ni binadamu.

Gari ni la dada yenu.

Ngoja, usiseme halikuhusu. Umelea wadogo zako, umelea wanao, sasa unanilea mimi. Mumeo anakuleta hapa asubuhi, jioni anakuja kukuchukua, na ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini leseni unayo, nilikufundisha mwenyewe na ulifaulu siku ya kwanza, na leo hii imelala droo gani hata hujui. Halafu mchana, ukiniona nimefumba macho, unateremka, unainua turubai, unaingia, unashika usukani. Huwashi. Unakaa tu. Kitanda hiki kinatazama dirishani, mwanangu. Nimekuona si mara moja.

Unalia nini? Umri ule ule niliokuwa nao ndio ulionao wewe sasa. Ni lako, si la mumeo, si la wanao. Ukitaka kuliuza, muuzie huyo mtu wa Bwana Mipango, pesa ule upendavyo, asikuulize mtu. Ila kwanza liendeshe.

Ufunguo uko chini ya godoro, upande huu, nimeulalia. Chukua. Na kabla hujaenda, lete kichwa chako hapa. Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe afya ya kuifaidi, na jina lako likitajwa nyumbani mwako litajwe kwa furaha. Nenda sasa. Nenda kaliwashe, nataka kulisikia.

Fungueni dirisha, ninyi wawili, mrudi hapa. Mazishi yangu yawe mafupi, watu warudi kazini kwao. Na tafadhali asisimame mtu akasema nilikuwa mvumilivu. Semeni nilikuwa mwalimu, nilikuwa mke wa baba yenu, nilikuwa na gari la manjano. Inatosha. Nipeni mikono. Mikono yenu ina joto… Mungu awalinde. Msinyimane salamu. Mkikasirikiana, kasirikeni mkiwa mezani, mnakula. Nimewaridhia nyote, sina… sina kinyongo na mtu.

Nyamazeni. Mnasikia? Linakohoa.

Limezimika. Ameachia klachi haraka. Msimcheke… atarudia.

Hilo. Hilo hapo. Sikilizeni sauti hiyo.

Kimya, kamfungulie geti, baba. Haraka.

Hapana, Bwana Mipango, usimwite. Najua hajavaa viatu vya kutokea. Mwache. Atarudi akitaka… Kaa nami hapa. Nishike.

Gia ya pili.

Sasa… kona pale… tazama kioo, mwanangu…

Ya tatu. Vizuri. Vizuri sana.