Kengele ya Kitanda Namba Kumi na Saba

Mambo yalianza Jumanne, saa nane na dakika tano mchana, muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha na fundi miwani akatoka kwenye geti la hospitali na sura ya mtu aliyesahau kitu ndani. Kijiwe kiko papo hapo, upande wa pili wa barabara: benchi moja la mbao ambalo mguu wake wa nne ni tofali, nyuma yake duka la miwani la huyo fundi, mbele yake birika la Baba Nesi. Baba Nesi ndiye muuza kahawa. Jina lake la kuzaliwa halijatajwa tena tangu binti yake alipoacha kazi katika hospitali hiyo hiyo, miaka miwili iliyopita, akaenda kuuguza wazee nchi za watu. Wenyeji wengine wa benchi ni wawili. Kuna Redio, fundi viatu, ambaye hakuna habari asiyoijua wala anayoijua vizuri. Na kuna Majuu, dereva mstaafu aliyewahi kukaa siku kumi na tisa katika nchi moja tajiri, zamani sana, na mpaka leo hajarudi kamili. Siku hiyo walikuwa kwenye ubishi wao wa wiki nzima: nani ana nafuu, mgonjwa wa kwetu au wa kwao.

— Kule, Majuu alikuwa anasema, ukikohoa tu manesi watatu wamefika. Mmoja anakushika mkono, mmoja anaandika, wa tatu anaomba radhi.

— Radhi ya nini? Redio akauliza.

— Ya kuchelewa.

— Kwani wewe ulilazwa kule?

— Niliumwa jino.

— Acha fiksi! Kule mtu anangojea kupasuliwa goti mwaka mzima. Nimesikia kwa masikio yangu haya. Tarehe ikifika, ama goti limepona lenyewe, ama mwenye goti amezikwa.

— Lakini anangojea kwenye kochi, Majuu akamjibu. Sisi tunangojea sakafuni.

— Sisi tuna ndugu, akasema Baba Nesi huku akimimina. Binti yangu anasema kule mzee analazwa miezi mitatu haoni sura ya mwanawe. Yeye ndiye mtoto wa wazee wote hao.

Fundi miwani akakusanya gauni lake, akakaa kwenye ncha ya benchi, mkoba magotini.

— Shikamoo Baba Nesi. Shikamooni.

— Marahaba mwanangu. Mama anaendeleaje?

— Kidonda kinapona.

Alilisema kama mtu anayetoa habari ya msiba, na wote watatu wakamgeukia.

Mama yake aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Wiki ya tano hii amelala chali, na kidonda kimemtoka pale mgongo unapokutana na kitanda. Daktari hakuzunguka: ageuzwe kila baada ya saa mbili, kidonda kikifika kwenye mfupa, hatoki humu. Wodi ina wagonjwa thelathini na wanane na nesi mmoja wa mchana, kwa hiyo kila mgonjwa hugeuzwa na mtu wake. Mtu wa mama huyu ni fundi miwani peke yake, na yeye hakuwahi kumgeuza hata mara moja. Mikono inayofunga skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele ilikuwa inatetemeka kila ikikaribia nyonga ya mama. Aliogopa kusikia mfupa ukilia. Basi alimletea chai, akamchana nywele, akampaka mafuta miguuni, akafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja, kisha akaondoka na kulia dukani.

— Alhamisi kilikuwa milimita arobaini na mbili, akasema. Nilipima kwa rula ya dukani. Jumapili thelathini na moja. Leo kumi na tisa.

— Sasa si jambo la kushukuru hilo? Redio akasema. Anamgeuza nani?

— Hakuna. Nesi wa zamu ameapa hajamgusa. Ndugu za wagonjwa wa jirani nao wameapa. Mama anasema anabonyeza kitufe, nesi anakuja.

— Kitufe gani? Wodi ile haina hata swichi ya taa inayofanya kazi.

— Cha kitandani. Vile vitanda sita vya msaada vilivyoletwa mwezi uliopita. Kila kimoja kina waya wa kumwita nesi, mwishoni kitufe chekundu chenye taa ndani. Nimeufuata waya wa mama kwa mkono. Unaishia chini ya godoro, umekatwa, shaba zinaonekana. Haujaunganishwa popote.

Lori likapita.

— Huyo nesi yukoje? akauliza Majuu.

— Viatu vyake havisikiki. Mikono ni ya baridi, mama anasema, kama ametoka kushika barafu. Lakini anamwambia "pole mama" kwa lugha yetu. Anakuja saa saba na dakika kumi na moja, tena saa tisa na dakika kumi na moja. Kuna saa ya ukutani mbele ya kitanda, na mama yangu macho hayana kasoro. Nimempima mwenyewe.

— Intaneti hiyo, Redio akakata shauri. Vitanda vya siku hizi vina intaneti mpaka kwenye miguu. Kitanda kinamgeuza mtu chenyewe, yeye anaota nesi.

— Kitanda kile kinanyanyuliwa kwa mkono wa chuma wa kuzungusha, Redio. Na mkono wenyewe haupo.

— Basi ni dawa za usingizi.

— Dawa za usingizi zimekwisha tangu mwezi jana.

Majuu akaweka kikombe chini. Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa anajisifu.

— Mimi naona hivi. Kitanda hakina habari kwamba kimetolewa msaada. Kimepakiwa kwenye kontena, kimevuka maji, kimefika. Nani amekiambia? Ukibonyeza, kinaita kwao. Na kule, nimeona kwa macho yangu, kengele ikilia ni lazima mtu aende.

— Kuvuka bahari kwa ajili ya kengele?

— Nimesema aende. Sijasema anajua anakoenda.

Redio akacheka, lakini kicheko hakikupata mwenzake. Baba Nesi alikuwa amesimama na birika mkononi, limeinama, halimimini.

— Kitanda cha mama kina namba? akauliza.

— Kina kibati cha kule. Kumi na saba.

Baba Nesi akaanza kupanga vikombe vilivyokwisha kupangwa. Redio akahamia kwenye habari ya mtu aliyepandikizwa figo la fundi bomba akaamka anajua kuziba mabomba, na Majuu akambishia kwa adabu tu. Hivyo mpaka saa tisa na dakika tatu, simu ya Baba Nesi ilipolia. Kila Jumanne binti hupiga wakati wa mapumziko yake, na kila Jumanne mzee humweka kwenye spika ili benchi lisikie.

— Shikamoo baba.

— Marahaba mama. Umekula?

— Nimekula. Nimechoka tu, baba. Mikono inaniuma mpaka mabegani.

— Wagonjwa wengi?

— Tuko wawili kwa wazee ishirini na wanane. Mwenzangu leo hakuja.

Majuu akatazama viatu vyake. Hapa palikuwa mahali pa kusema jambo kuhusu manesi watatu, ila hakuna aliyemdai.

— Na ile kengele? Baba Nesi akauliza taratibu. Waeleze wenzangu, wako hapa.

— Shikamooni. Ni chumba cha kumi na saba. Kitanda chake kilitolewa, wanataka kuweka kabati la shuka. Hakuna mtu humo, kuna tundu la ukutani la kuchomekea waya tu. Lakini kengele inalia, na usipokwenda kuizima ndani ya dakika mbili jina lako linaandikwa. Basi naenda. Nikifungua mlango nasikia harufu ya ile dawa ya kupigia deki wodi yetu ya zamani, baba, hiyo iliyo mbele yenu. Baada ya hapo sikumbuki. Natoka mikono inauma kama nimemgeuza mtu mzima.

Fundi miwani akaisogelea simu.

— Inalia saa ngapi, dada?

— Huyo nani?

— Jirani yangu wa duka, baba yake akasema. Mjibu.

— Kila baada ya saa mbili. Dakika ya kumi na moja, haikosei.

— Lakini saa za kwetu na za kwao haziendi pamoja, Redio akanong'ona, kama anayeomba aambiwe ndiyo.

— Saa hubadilika, akasema Majuu. Dakika haibadiliki.

Fundi miwani akatazama mkono wake. Saa tisa na dakika kumi. Maneno mawili yalimjaa kinywani kwa pamoja, usiende na nenda, na kwa sababu yalikuwa mawili hakuna lililotoka. Alifikiria milimita kumi na tisa.

— Hiyo inalia, baba. Ngoja, usikate.

Simu ikabaki wazi. Hawakusikia hatua. Walisikia mlango. Kisha sauti ya binti, ya chini, ya upole, kama ya mtu aliye usingizini:

— Pole mama.

Kikohozi kikajibu, viwili vifupi na kimoja kirefu, na fundi miwani akashika ubao wa benchi kwa mikono yote miwili. Kikohozi hicho alikisikia utoto wake mzima kupitia ukuta wa chumba cha kulala.

— Asante mwanangu, ikasema sauti ya mama yake ndani ya simu. Leo nilaze upande wa kushoto.

Wote wanne wakainua macho kuelekea wodini, dirisha la tatu kutoka mwisho. Lilikuwa limefungwa. Kwenye simu shuka ilivutwa, mtu akashusha pumzi. Halafu, mbali zaidi, nyuma ya mlango ule, ikaanza kengele nyingine. Hii ilikuwa kengele ya kawaida. Ililia, ikanyamaza, ikalia.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama pembeni na chupa ya chai, akingojea kikombe chake cha kahawa. Hakuna aliyemjua, alikuwa amemlaza mumewe hospitalini asubuhi ile.

— Samahanini, akasema. Hiyo kengele nyingine, ya mgonjwa wa hukohuko. Ameiendea nani?

Majuu akakuna shingo. Siku kumi na tisa hazikumsaidia. Baba Nesi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka machicha matupu. Kengele ikaendelea kulia mpaka simu ilipojikata yenyewe.

Asubuhi ya pili yake, Jumatano, fundi miwani hakufungua duka. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa mbele ya meza ya nesi wa zamu, kucha amezikata, pete ameivua.

— Nifundishe kumgeuza mama.

Nesi alimtazama kidogo, akaichomeka kalamu kwenye nywele, akaja naye. Akamwonyesha: mto katikati ya magoti, ili nyonga isijipinde. Shuka iliyokunjwa chini ya kiuno, ndiyo unayoivuta, si mtu. Mkono mmoja begani, mmoja nyuma ya paja. Usimkurupushe. Mwambie kabla hujamgusa.

— Ya nini kujisumbua? mama akasema. Nitabonyeza tu.

— Usibonyeze tena, mama. Yule nesi ana wagonjwa wake.

— Sasa atakuja nani?

— Mimi. Nakugeuza sasa, sawa?

Alivuta. Mama akaja taratibu, mzito na wa moto, akalala ubavu, akashusha pumzi. Hakuna kilicholia. Nesi alikuwa ameshafika kitanda cha nne. Fundi miwani akautoa waya mkononi mwa mama, akauning'iniza kwenye chuma cha kitanda, akabaki amesimama akiitazama saa ya ukutani.

Saa moja na dakika kumi na moja, kitufe kikawaka chekundu.

— Mimi sijabonyeza, akasema mama. Mikono yake yote miwili ilikuwa chini ya shavu.

Taa ikazimika, ikawaka, kama ile kengele nyingine ya jana kwenye simu, kama mtu anayeita na kusikiliza. Fundi miwani akakunja mikono ya gauni mpaka viwikoni. Vidole vyake, aliona, vilikuwa vimetulia.

— Nakuja, akasema.