Chapuchapu na Alhamisi Zake

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Chapuchapu, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1987, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya stesheni. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa tiketi na mpishi wa shule. Mama yake husimulia kwamba mkunga alikuwa bado anatafuta glavu, mtoto hakumsubiri. Alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo nyumba ile haikutulia. Sufuria zilihama, kuku walikimbizwa, viatu vya baba vilikutwa bafuni. Jina alipewa na huyo huyo baba, siku aliyomtuma kiberiti dukani akaenda na kurudi kabla mzee hajamaliza kusema ni viberiti vingapi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1994, katika shule alikopika mama yake, akamaliza kidato cha sita mwaka 2006. Ripoti zake zote zipo, na mwalimu mmoja aliandika maneno mawili tu: “Anaweza. Hakai.” Septemba 2007 alijiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa hesabu.

Ni huko chuoni, Alhamisi tarehe 6 Machi 2008, yalipotokea yaliyoyapa maisha yake mwelekeo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walipelekwa kujitolea kwa siku moja katika makao ya wazee yaliyo mwisho wa njia ya basi. Wenzake walifagia na kupiga picha. Yeye aliona mikongojo ya wazee imechubuka, akapata wazo, na wazo likipita kichwani mwake lilikuwa limeshafika mikononi. Wazee wakiwa mezani wanakula, alikusanya mikongojo yote thelathini na mmoja, akaipiga msasa, akaipaka vanishi, akailaza kwenye nyasi ikauke. Ilipendeza mno. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, alimaliza kula akaja kushika fremu ya mlango.

“Mwanangu, imependeza kweli,” alisema. “Sasa chooni naenda na nini?”

Vanishi ile ilihitaji siku nzima kukauka. Basi la chuo liliondoka saa kumi na wenzake. Marehemu alibaki, akawa mkongojo wa watu thelathini na mmoja, kutoka kitandani hadi chooni, kutoka chooni hadi barazani, hadi kesho yake. Mzee fundi alisema hajawahi kuwa na mkongojo unaoongea kiasi kile. Wakati wa kuagana alimuuliza kama atarudi.

“Alhamisi ijayo, babu.”

“Wote husema hivyo,” akajibu mzee, bila chuki, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Jibu hilo lilimkosesha raha. Alikuja kugundua kwamba makao yale yalikuwa yamepokea vikundi vingi vya vijana, vyenye fulana na mabango, na kila kikundi kilikuja mara moja. Alhamisi iliyofuata alirudi na wenzake watatu. Iliyofuata, na mmoja. Iliyofuata, peke yake. Hakukosa. Kufikia mwaka 2010, alipohitimu shahada yake, Kikundi cha Alhamisi kilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili waliokata kucha, waliosoma barua kwa sauti, waliofua mashuka na kushindwa bao na watu wa miaka themanini.

Mama yake hakulipenda jambo hilo. “Wazazi wako tupo hapa na miguu yetu, wewe unakata kucha za watu.”

“Lete mguu, mama.”

Akamkata pale pale jikoni, naye mama amesimama anakoroga chungu.

Novemba 2010 aliitwa kufundisha shule ya mbali, akakataa, akaajiriwa kuwa karani wa udahili chuoni. Ndugu walimshangaa. Lakini dirisha lile la udahili ndiko wanafunzi wapya wote walikopita, na yeye alikuwa na swali lake moja. “Alhamisi saa nane una kipindi?” Mgeni wa watu, hajui hata bweni lake liko wapi, hujibu hana. “Vizuri. Andika jina hapa.” Wahitimu wakiondoka, wapya waliingia. Hata miezi ile milango ilipofungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, wanafunzi walisimama nje ya madirisha wakiongea na wazee kwa kupaza sauti. Sabuni alinunua yeye, basi aliliagiza yeye, simu za kukumbusha alipiga yeye, kila Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi.

Mume wake alikutana naye makao hayo hayo, alipokuja kutengeneza nyaya zilizoungua. Marehemu alimshikia ngazi huku akimhimiza. “Dada,” fundi akamwambia kutoka juu, “umeme hauna chapuchapu.” Inasemekana hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kumwona amenyamaza. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 2011. Alhamisi ya wiki ile ya harusi bibi harusi alikuwa akifua mashuka. Walijaliwa binti mwaka 2013 na mtoto wa kiume mwaka 2016.

Novemba 2024 miguu yake ilianza kuvimba. Alidhani ni viatu, akabadilisha viatu. Januari madaktari waligundua kwamba figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akabishana na wauguzi mpaka siku zake zikapangwa zisiguse Alhamisi. Tarehe 18 Machi 2025 alizidiwa, akalazwa.

Alhamisi ya tarehe 20 hakuna mwanafunzi aliyekwenda makao.

Hawakuwa wavivu. Kila mmoja alisubiri simu yake, na simu haikupigwa. Wazee walinawa uso, wakakaa barazani kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja. Msimamizi wa makao alimpigia mume simu, na mume alifikiria kumficha mkewe, akashindwa. Alipomwambia, marehemu alilia. Katika miaka kumi na tatu ya ndoa yao mume hakuwa amewahi kumwona akilia, kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, kulia kunataka mtu akae.

Kesho yake alimwita kiongozi wa kikundi, binti wa mwaka wa pili anayesomea sheria, ambaye wote humwita Mwenyekiti. Akaja na macho mekundu.

“Dada, tulijua utapiga simu.”

“Nisipopiga?”

Mwenyekiti akafuta macho.

“Nisipopiga tena kabisa?”

“Dada, usiseme hivyo bwana.”

“Nasema. Mimi ndiye niliyewaharibu. Miaka kumi na saba nawashika mkono kama watoto wa chekechea. Mmekuwa mkija kwangu, hamuendi kwa wazee.”

Siku ile, akiwa na sindano mkononi, aliubomoa mpango wake mwenyewe. Kila mwanafunzi alipewa mzee mmoja. Namba ya mwanafunzi ilibandikwa ukutani kando ya kitanda cha mzee wake. Mwenye mtihani ampigie mzee mwenyewe, kwa mdomo wake, asimtume Mwenyekiti. Na anayehitimu haondoki mpaka amempeleka mrithi wake akamtambulisha kwa huyo mzee. Walipomaliza, alifuta namba zote za wanafunzi kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, ili mkono usimwashe.

Mkono ulimwasha hata hivyo. Wiki zilizofuata, ikifika Alhamisi saa nane, aligeuka kitandani, akaigeuza simu uso chini, akaigeuza tena.

“Wameenda?”

“Sijui,” mume alijibu, kwa kuwa mkewe mwenyewe alimkataza kuuliza.

“Kweli hujui?”

“Sijui, mke wangu.”

“Basi usiniambie.”

Alhamisi tarehe 15 Mei wanafunzi sita walifika wodini na machungwa. Marehemu alijiinua kwa viwiko.

“Leo siku gani?”

“Alhamisi, dada. Tumekuja kukuona.”

“Mmeshaniona. Saa nane kasoro robo hiyo. Nendeni!” Wodi nzima ilicheka. Waliondoka mbio wakayasahau machungwa, na wagonjwa wa jirani waliyala kwa furaha.

Alhamisi tarehe 5 Juni hakuuliza. Alilala saa nane, akaamka saa kumi, akamuuliza mumewe kama mvua imeacha. Ilikuwa imeacha. Akasema vizuri, akalala tena. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mume wake akiwa amemshika miguu.

Ameacha mume, binti wa miaka kumi na miwili na mtoto wa kiume wa miaka tisa, mama mzazi, kaka mkubwa aliyewasili jana kutoka ng'ambo, na mdogo wake wa kike anayewasomea wasifu huu. Baba yake alimtangulia mwaka 2014. Ameacha pia wazee ishirini na wanane.

Mtaona upande wa kushoto viti ishirini na vinane vitupu, vya wanafunzi. Tunaomba visikaliwe. Katika kikao cha ukoo Jumanne, baba mdogo alipendekeza tuzike Ijumaa ili wanafunzi waje wote na mashati meupe, wasindikize jeneza. Mama alikataa.

“Mkizika Ijumaa watakuja, na itapendeza,” alisema. “Mimi namzika Alhamisi, nijue kama wataenda.”

Wanafunzi walikuja kuaga jana jioni. Mwenyekiti alipiga magoti mbele ya mama, akasema: “Mama, kesho hatutakuwepo.” Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili. Hatukujua kama wangeweza kutokuja. Msiba ni msiba, na vijana ni vijana, na njia ya kuja hapa ni fupi kuliko ya kwenda makao. Wakati tunaliteremsha jeneza kutoka garini, mama alikuwa bado akitazama lango.

Sasa ni saa nane na dakika ishirini, na hakuna aliyeingia.

Mwenyezi Mungu ampe mpendwa wetu kituo, na ampe moyo wa kukikalia. Apumzike, kwa amani, na kwa muda wote anaoutaka.