Tabea Aenda Kuzamia

Itangazwe kwa wote kwamba Nelson, mwanafunzi wa bweni na kijana wa heshima zake, hasikilizi mazungumzo ya watu. Ndani ya basi la Tanga alifumba macho na kukoroma kwa adabu, ili asikose hata neno.

Kwenye kiti cha mbele yake, Tabea, dada mwenye begi kubwa la mgongoni, hakutulia. Alimwambia jirani yake kwamba atazunguka visiwa kwa mashua, halafu atazamia na mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza. "Mimi wa Nkoaranga! Maji niliyozoea ni ya mfereji wa migomba."

"Usihofu, dada," alisema jirani, Anaeli, mwongoza wageni wa Mlima Meru. "Mlimani kichwa kikigonga, unashuka mbio. Baharini geuza tu: ukiogopa, bana pumzi, panda mbio."

"Nibane pumzi, nipande mbio," Tabea alirudia, kama anayekariri kwa ajili ya kipaimara.

Mkoromo wa Nelson ukakwama. Fizikia alikuwa amefeli, lakini si somo la hewa inavyotanuka ikipanda kutoka chini ya maji.

"Usibane, dada! Mapafu yatapasuka! Pumua, upande polepole!"

Wakageuka wote wawili.

"Kumbe dogo yuko macho," alisema Anaeli, akiinuka kushuka kituo cha Maji ya Chai. "Mimi nimefikisha watu kileleni. Wewe umezamia wapi?"

"Sasa nimfuate nani?" Tabea aliuliza.

Basi likasimama, Anaeli akashuka.

"Sijazamia popote," Nelson alikiri. "Hata bahari sijaiona. Lakini hilo la hewa nimelisoma darasani; muulize atakayekuzamisha. Na usingizi nao ulikuwa wa uongo."